Ngozi ya jongoo tunauza, povu tunamwaga

Juzi kati nilikuwa kwa shangazi, kijiji kimoja mbele ya Mikindani ukielekea Sudi, kikundi chao cha akina mama kina vizimba vya jongoo bahari na siku hiyo ndo walikuwa wanavuna. Nimefika nakuta pipa lililokatwa nusu liko jikoni, jongoo mchanga (ndo jina la aina yao, siyo kwamba ni wadogo) wamo ndani wanachemka, na povu limefura mpaka linamwagikia motoni, jeupe, zito, kama la sabuni ya kipande. Shangazi analikomba na upawa analitupa pembeni kwenye mchanga. Nikamuuliza hili povu vipi, akanijibu bila hata kunitazama: "Uchafu wake tu huo mwanangu, ukiuacha jongoo anatoka mbaya." Maji ya kwanza nayo yakamwagwa. Utumbo walishautoa asubuhi, umelala pale kwenye mchanga na kunguru wanauzunguka tu hawaugusi, na kunguru wa kwetu mnamjua, anaiba mpaka sabuni kwenye karo.

Sasa mimi nauza duka la dawa hapa Mtwara mjini, na lile povu limenikaa kichwani kuliko hata bei ya jongoo, manake haipiti wiki hajaja mtu kuniuliza habari ya jongoo na dawa. Wa mwisho alikuwa mjomba mmoja wa Msimbati, mtu mzima, kashika chupa ya vidonge aliyouziwa na kijana wa hizi biashara za kuingizana. Kwenye chupa picha ya jongoo, na huyo kijana kamwambia inatibu sukari, presha, magoti, kansa, tezi dume na nguvu za kiume, yaani ugonjwa pekee uliosahaulika ni kuvunjika moyo. Bei yake, mfuko wa salfa ya mikorosho unapata. Mjomba akaniuliza swali moja zuri sana: "Hivi mwanangu, kama dawa ni jongoo, si wapo pale kwetu wanalala tu mchangani, kwanini mimi ninunue wa watu?"

Nilimjibu kifupi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Jibu refu ndo hili.

Kwanza, wanaocheka kwamba jongoo hana lolote wamekosea. Yule mdudu (najua si mdudu, ni ndugu wa kiti cha pweza, ila mazoea) anatembea taratibu kuliko kivuli, hana meno, hana gamba, hana mwiba, na bado samaki wengi wanampita tu. Lazima ana kitu. Baadhi yao ukiwashika wanakutemea nyuzi nyeupe zinazonata kama gundi ya fenesi, aliyewahi kwenda kuokota pweza wakati wa bamvua anajua shida ya kuzitoa mkononi. Wengine wanatapika utumbo wote nje halafu wanaondoka zao wakaote mwingine, na wanaota kweli, ndani ya wiki kadhaa.

Mwaka 1952 mwanasayansi wa New York anaitwa Ross Nigrelli alichukua sumu ya jongoo wa Bahamas, akaipa jina holothurini, akaona inaua samaki, halafu akaijaribu kwa panya wenye uvimbe wa kansa na uvimbe ukazuilika kukua. Hiyo ndo stori ilipoanzia. Vile vitu alivyovipata ni jamii ya saponini, na saponini maana yake imetokana na sabuni, kwa sababu ukivitikisa kwenye maji vinatoa povu. Unaona sasa naelekea wapi na lile pipa la shangazi. Kwenye visiwa vya Pasifiki watu tangu zamani wanaponda jongoo wanatia kwenye madimbwi ya miambani maji yakikupwa, samaki wanalewa wanaelea. Sisi huku tuna utupa, majani yale ya kulevya samaki, kemia yake nyingine lakini akili ni ileile ya wavuvi.

Huyu jongoo mchanga wetu, Holothuria scabra kwa jina la kitabuni, ana saponini zake pia, kuna zilizopewa mpaka jina kutokana naye, scabrasaidi. Kwa jumla kwenye majongoo ya dunia wameshatambua mamia ya aina. Japani mwaka 1969 alitoka mtafiti Shimada na karatasi kwenye jarida la Science kuhusu holotoksini, kutoka kwa jongoo wao, inayoua fangasi, wale wa vidole vya miguu na mapunye. Kutoka jongoo wa maji ya baridi ya Atlantiki, pande za Kanada, kuna frondosaidi A, hii imefanyiwa kazi sana kwenye kansa, hadi maabara za Al Ain kule Falme za Kiarabu wameijaribu kwa panya wenye uvimbe wa mapafu na wakaona uvimbe unapunguza kasi ya kukua.

Panya. Naomba hilo neno likae peke yake kidogo.

Manake kuanzia 1952 mpaka leo ni zaidi ya miaka 70, na ukienda hospitali yoyote, ya kwetu au ya Ulaya, hukuti dawa ya kansa iliyosajiliwa ambayo imetoka kwa jongoo. Miaka 70 siyo kwamba wazungu wamezembea. Tatizo ni lilelile povu. Saponini inafanya kazi kwa kutoboa ngozi ya seli, inajishika kwenye lehemu iliyomo kwenye ile ngozi na kuipasua, sasa haina macho ya kuchagua hii ni seli ya kansa na hii ni chembe nyekundu ya damu ya mzee wa watu. Ukiiingiza kwenye mshipa kwa kipimo kikubwa damu inapasuka. Kwahiyo nafasi kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachoumiza ni nyembamba kama uzi wa mshipi, na wanachokitafuta watafiti miaka yote hii ni aina itakayotoboa kule ikaacha huku, au njia ya kuifikisha kwenye uvimbe tu. Ukila jongoo kama chakula si hivyo, kachemshwa, kamwagwa maji mara mbili tatu, na tumbo lenyewe saponini haliinyonyi vizuri. Na hapo hapo jiulize: kama tumbo haliinyonyi vizuri, kile kidonge cha mjomba kinafikaje kwenye tezi dume?

Halafu kuna upande ambao mimi binafsi naona ndo wenye matumaini zaidi, na watu hawauongelei kwa sababu hauna neno kansa ndani yake. Damu kuganda. Kwenye ngozi yenyewe ya jongoo, ile nyama nene, kuna aina ya sukari ndefu inaitwa kondroitini salfeti yenye matawi ya fukosi, Wabrazili walianza kuichambua tangu miaka ya 1980, inazuia damu isigande. Sasa dawa kubwa ya sindano ya kuzuia damu isigande duniani ni heparini, na heparini inatengenezwa kwa kiasi kikubwa kutoka kwenye utumbo wa nguruwe. Ndiyo, nguruwe. Nikimwambia hivyo mzee wangu wa Mikindani anakaa kimya kwanza halafu anasema dharura ina hukumu yake, na kweli ina hukumu yake, ila wanaojali hili wapo wengi sana, kuanzia huku pwani mpaka Indonesia.

Na siyo dini tu. Mwaka 2008 heparini iliyotokana na mali ghafi za China iliingia sokoni ikiwa imechakachuliwa kwa kitu kingine kinachofanana nayo, wagonjwa wakashuka presha ghafla, Marekani peke yake kukawa na vifo kwa makumi vilivyohusishwa. Dunia ikashtuka kwamba dawa inayotumika kila siku kwenye kusafisha figo na upasuaji wa moyo inategemea mnyama mmoja na nchi chache. Ndo maana sukari ya jongoo ikaanza kutazamwa kwa jicho lingine, inazuia kuganda kwa njia tofauti kidogo na heparini, na kwa panya imeonekana hata ikimezwa inafanya kazi, wakati heparini lazima sindano. Lakini (siku zote kuna lakini, ndo raha na karaha ya sayansi) ikiwa nzima nzima inaamsha kitu kwenye damu kinachoshusha presha na inazikusanya chembe sahani, zile za kugandisha damu, zishikane, yaani karibu balaa lilelile la 2008. Wanachofanya sasa wanaikata vipande vifupi, ile kazi nzuri ibaki na ile mbaya ipungue. Hapo ndipo ilipo.

Kwahiyo wewe unayemeza poda ya jongoo na huku uko kwenye warfarini, kidonge cha kuzuia damu isigande, kwa ajili ya moyo, tafadhali mwambie daktari wako. Poda ya mitaani hakuna anayejua ina nini na kiasi gani, na damu yako haina vipuri.

Ya wanaosema kolajeni ya jongoo, ile protini ya ngozi na mifupa, inalainisha ngozi naiacha, karibu kila mnyama ana kolajeni, hata supu ya kongoro inayo.

Ila moja siwezi kuiacha kwa sababu tupo Kusini na malaria tunaijua. Mwaka 2007 watafiti wa Japani na Uingereza walichukua protini kutoka kwa jongoo mmoja wa huko Asia, wakaweka maelekezo yake ndani ya mbu, yule mbu akishanyonya damu anaitoa ile protini tumboni mwake na kimelea cha malaria kinapata shida kukua humo. Yaani hawakumpa mgonjwa dawa, walimpa mbu. Iliishia maabara, na mbu wenyewe si hawa wetu, lakini mimi niliposoma nilicheka peke yangu dukani: jongoo wa Msimbati na mbu wa Msimbati, majirani, hawajawahi hata kuonana.

Turudi kwa swali la mjomba. Kuna watu wa pwani kama sisi, Waislamu kama wengi wetu, ambao jongoo kwao ni dawa ya nyumbani kabisa. Langkawi, Malaysia, wanamwita gamat, mafuta yake wanapaka vidonda, maji yake wanapewa wazazi wakitoka kujifungua. Na Wachina kwao ni chakula cha heshima, jina lake haishen maana yake ginseng ya bahari. Kwahiyo kijana wa biashara za kuingizana hakuokota hadithi hewani, kuna desturi ya karne na karne nyuma yake. Kilichotokea Langkawi kwenyewe ni funzo lakini, gamat wao waliwamaliza, ikabidi waanze kuagiza kutoka kwingine. Dawa ikawa jina, mali inatoka kwa watu.

Na sisi tulishaonja hiyo. Enzi nikiwa mdogo kuokota jongoo ilikuwa kama kuokota kokwa za maembe, kupwa moja unajaza ndoo, wanunuzi wanakuja na mizani. Hatuli, tunamwona kinyaa, lakini tuliwauza wote. Wakapungua mpaka miaka ya 2000 Bara ikapiga marufuku kuvua wale wa asili, Zanzibar wakaendelea kwa leseni, na sote tunajua jahazi halina mpaka, kilichokatazwa huku kinaweza kukauka kule. Wale majongoo wakubwa wa bei, aina ya kina pauni, tangu 2020 biashara yao ya kimataifa ina masharti ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe walio hatarini. Jongoo mchanga yupo kwenye orodha ya IUCN ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kwa mtu anayeota kiwanda cha dawa kutokana na jongoo wa kuokota, hesabu imeisha kabla haijaanza: kilo kumi za jongoo wabichi zikishakauka hupati hata kilo moja, na kwenye hiyo kilo kitu cha dawa ni kidogo sana ndani yake.

Ndo maana mimi nasema ufugaji ndo mlango. Serikali inahamasisha, Zanzibar kuna kituo cha kuzalisha vifaranga kilichojengwa kwa msaada wa FAO na Wakorea, Madagaska walishatutangulia siku nyingi upande wa Toliara. Watu wanaongelea ufugaji kama dili la kuuza China tu, kilo moja iliyokauka vizuri inafika mamia ya dola kule Hong Kong, sawa, nani anakataa hela. Lakini kwa habari ya dawa ufugaji una kitu kingine ambacho mvuvi hawezi kukipa: jongoo anayejulikana. Aina yake inajulikana, umri wake, kizimba gani, mwezi gani kavunwa. Kemia ya jongoo inabadilika kwa aina na kwa msimu, na dawa haitengenezwi kwa bahati nasibu, leo ina nguvu kesho haina. Mtafiti anataka mia wanaofanana. Shangazi anao mia wanaofanana, wakisalimika na wezi wa usiku, manake hilo ndo tatizo kubwa la vizimba kuliko ugonjwa wowote.

Sasa wengine mtaniambia wewe muuza panadol unaota, maabara tutatoa wapi. Sikatai kwamba naota. Ila ebu angalia kitu. Kipimo cha kwanza kabisa cha saponini, dunia nzima, wanafunzi wa chuo wanafundishwa, ni kutia maji kwenye chupa, kutikisa, kuangalia povu linakaa muda gani. Shangazi anakifanya kwa pipa zima. Taasisi ya Tiba Asilia pale Muhimbili wamekuwa wakichambua mitishamba miaka na miaka, mashine inayotenganisha kemikali za mzizi inatenganisha na za jongoo. Kinachokosekana ni mtu wa kuunganisha kizimba na maabara, na kazi kubwa hapo ni barua, barafu na nauli.

Na kuna sababu mimi wa Mtwara nina haraka. Tumeuza korosho ghafi, zikaenda India na Vietnam zikabanguliwa huko, na maganda yake nayo yana mafuta ya viwandani, tukajua baadaye kwamba hata ganda lina mwenyewe. Gesi ya Mnazi Bay sitaki kuifungua hapa, tutagombana. Jongoo yuko njia hiyohiyo: ngozi inaondoka kavu, na kitu cha thamani zaidi, yaani kujua ndani yake kuna nini, kinapatikana kwa mwenye mashine. Kuna Protokali ya Nagoya, imeanza kazi 2014, inasema anayechukua kiumbe cha nchi nyingine kwa utafiti aombe ruhusa na mkataba wa kugawana faida uwepo kabla, Tanzania tumo, na mtafiti wa nje anatakiwa kupita COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia. Vizuri. Ila mkataba unagawana kilichoandikwa, na kikundi kisicho na hata daftari la mavuno kitaandika nini? Mtu akija kesho na dumu lake la barafu, mpole, mcheshi, anajua Kiswahili, akaomba jongoo kumi "kwa ajili ya shule", shangazi atampa na chai juu.

Mfano mmoja tu wa kuonyesha inawezekana mtoto wa pwani akawa upande wa pili wa darubini: wale konokono wenye sumu, ganda kama koni ya aiskrimu, tunaowauzia watalii. Sumu yao imetoa dawa ya maumivu makali, zikonotaidi, ilipitishwa Marekani mwaka 2004. Utafiti uliofikisha hapo aliuanza Mfilipino, Baldomero Olivera, ambaye utotoni alikuwa anakusanya makombe. Vifaa vya maana alivikosa kwao mwanzoni, ndo akaanza na konokono kwa sababu ndo alichokuwa nacho.

Basi mimi nimefanya kidogo nilichoweza. Nina rafiki Dar kasoma kemia, nikamwambia nimekuwekea maji ya jongoo, akanicheka, akasema maji yasiyo na jina la aina, tarehe, mahali na dakika yalizochemka ni maji machafu tu, halafu pipa lenyewe lina kutu, nitapima jongoo au nitapima pipa? Nikarudi kwa shangazi mavuno yaliyofuata na sufuria jipya. Alinung'unika, kuni zinaisha bure kwa kuchemsha mara mbili mbili, lakini alipoona nimenunua mkaa akatulia. Akamchagua jongoo mmoja mmoja, wenye ukubwa mmoja, watano tu. Tulipochemsha povu likapanda vilevile, safari hii hakulitupa, akalisukuma kwa upawa lirudi ndani, akaniuliza, "Hili nalo unalitaka?" Nikamwambia hilo ndo hasa.

Chupa tatu ziko kwenye friza ya jirani yake anayeuza samaki, kati ya changu na barafu za ubuyu za watoto. Rafiki yangu kasema akipata likizo atazifuata. Shangazi kaandika karatasi mwenyewe kwa kalamu nyekundu, kaibandika na salotepu: JONGOO MCHANGA, KIZIMBA CHA PILI, tarehe, MAJI YA KWANZA DAKIKA 20. Halafu chini, kwa herufi kubwa kuliko zote, kwa sababu anawajua wazee wa pale na zile habari za nguvu za kiume: SI YA KUNYWA.